Majina Mawili ya Mtu Mmoja

Mtu huzaliwa bila jina, akapewa moja na wazazi wake, kisha dunia ikamwongezea mengine. Mtaani huitwa Mama Salma au Baba Juma, kazini huitwa kwa jina la ukoo, na wako marafiki wa utotoni wasiokubali kulisahau jina lake la utani. Hapana aliyewahi kumshtaki mtu huyo kwa udanganyifu. Washairi wa Kiswahili walioandika magazetini walizoea kutumia lakabu, na wasomaji waliwajua kwa lakabu hizo, wakawajibu, wakawasifu na kuwakosoa, pasipo kudai kwanza kuwaona uso. Lakini jina liingiapo katika mitandao ya kijamii, na mtu mmoja akajulikana kuwa ana akaunti mbili au tatu, dhana mbaya huamka mara moja. Huulizwa: anaficha nini?

Swali hili limepata nguvu mpya tangu kuenea kwa mitandao isiyo na mwenyewe mmoja. Mashuhuri miongoni mwake ni Mastodon, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko nchini Ujerumani. Mtandao huu si jumba moja lenye bawabu mmoja; ni mji wa nyumba nyingi. Kila nyumba ni seva, nayo ina mwenyeji wake na kanuni zake. Wakazi wa nyumba hii huzungumza na wakazi wa nyumba ile kwa sababu seva zote hufuata utaratibu mmoja wa mawasiliano uitwao ActivityPub, uliopitishwa rasmi kuwa kiwango cha wote Januari 2018. Anwani ya mtu ina sehemu mbili, jina lake na jina la seva, kama ilivyo anwani ya barua pepe. Kwa hiyo jina lile lile laweza kukaa katika nyumba tatu lisigongane. Oktoba 2022, Elon Musk alipoinunua Twitter, watu wengi walihamia huko, na haukupita muda mrefu baadhi yao wakaona kuwa akaunti moja haiwatoshi.

Sababu ya kwanza ni hofu ya kukosa makao, wala haina fumbo. Seva nyingi huendeshwa na mtu mmoja au kikundi kidogo, kwa michango na kwa kujitolea. Mwenyeji akichoka au akiishiwa fedha, nyumba hufungwa. Mwaka 2023 mwenye seva ya mastodon.lol alitangaza kuifunga, na maelfu ya wakazi wakalazimika kutafuta pa kwenda. Februari 2024 seva ya queer.af ilipoteza anwani yake, kwa kuwa herufi zake za mwisho ni mali ya Afghanistan, na serikali ya Taliban ikasimamisha matumizi yake. Mtu huweza kuhama na wafuasi wake, lakini maandishi yake ya zamani hubaki nyuma, tena uhamaji huo hutaka nyumba ya zamani iwe bado imesimama. Awekaye akaunti ya akiba katika seva ya pili ni kama mkulima agawaye mbegu zake katika ghala mbili. Kumwita mnafiki ni kukosa kazi.

Sababu ya pili ni majirani. Apendaye picha hujenga Pixelfed, apendaye video hujenga PeerTube. Pengine seva mbili hugombana na kukatiana mawasiliano, kama seva nyingi zilivyoufungia mlango mtandao wa Gab ulipoanza kutumia programu ya Mastodon mwaka 2019. Mwenye rafiki pande zote mbili za ugomvi afanye nini, kama si kuwa na mlango kila upande?

Sababu ya tatu ndiyo yenye uzito, nayo ni kujificha. Mark Zuckerberg alimwambia mwandishi David Kirkpatrick, katika kitabu kilichotoka mwaka 2010, kwamba kuwa na nafsi mbili ni dalili ya upungufu wa uadilifu. Neno hilo lina sura ya hekima, na huenda lilisemwa kwa moyo safi. Lakini ni rahisi kulisema kwa mtu ambaye hakuna limtishalo katika jina lake. Mwaka 2014 Facebook ilifunga akaunti za wasanii wa jukwaani wa San Francisco kwa kuwa hawakutumia majina yao ya kisheria. Oktoba ya mwaka huo kampuni iliomba radhi. Ilidhihirika kuwa kwa watu wengine jina la kubuni ndilo walilojulikana nalo, na lile la cheti lilikuwa hatari kwao.

Basi uongo uko wapi? Hauko katika wingi wa majina. Jina ni ahadi: aliyesema jana kwa jina hili atalijibia neno lake leo kwa jina hili hili. Mwenye majina mawili ana ahadi mbili, naye akizitimiza zote hana deni. Kosa huanza jina moja linapotoa ushahidi kwa ajili ya jingine. Mwaka 2010 mwanahistoria mmoja wa Uingereza alikiri kuwa aliandika intanetini, kwa jina la kujificha, sifa za vitabu vyake na kejeli za vitabu vya wenzake. Msomaji alidhani amesikia mashahidi wawili, kumbe ni kinywa kimoja. Ndivyo afanyavyo, kwa kiasi kidogo, apigaye kura ya mtandaoni mara tatu kwa akaunti tatu. Na ndivyo afanyavyo atukanaye watu asubuhi, akafukuzwa katika seva yake, na jioni akaingia seva nyingine kwa jina safi lisilodaiwa na mtu. Mji wa nyumba nyingi humrahisishia mkimbizi wa haki na mkimbizi wa deni kwa kadiri moja.

Hata hivyo mizani hii haitoshi kila mahali. Achukuliwe mwalimu mwenye akaunti mbili. Kwa jina lake halisi huandika juu ya masomo na wanafunzi. Kwa jina la pili huandika juu ya maradhi ya huzuni yaliyomshika miaka mingi, ambayo shuleni hayajui mtu. Hajisifu, hapigi kura mara mbili, hatukani. Siku moja mwalimu mwenzake, rafiki yake, anamwonyesha maandishi hayo katika simu na kumwuliza: "Unamjua huyu?" Anajibu: "Nimepata kumsoma." Kila neno katika jibu hilo ni kweli, na jibu zima linadanganya. Rafiki anasema atamwandikia mtu huyo faraghani, maana naye ana jambo ambalo hajamweleza yeyote. (Faragha yenyewe ni ya kukisia: mwenye seva aweza kuusoma ujumbe huo akitaka, ila wengi hawalijui hilo.)

Akimzuia, atalazimika kusema sababu. Akinyamaza, atapokea siri ambayo rafiki asingempa kama angalijua anampa nani, na kesho wataketi meza moja wakinywa chai, mmoja akijua na mwingine hajui. Huenda pia siri hiyo isiweze kutoka kwa njia nyingine yoyote, na rafiki akaendelea kuibeba peke yake. Mwalimu hamzuii. Usiku ujumbe unaingia katika akaunti ya pili, mrefu, ukianza kwa kuomba radhi ya kumsumbua mtu asiyemfahamu, nao unangoja jibu.