Sura Yako Ibaki Nyumbani

Mwanangu daktari, keti. Haya nimeshawaambia wenzako waliokutangulia, na nadhani nitawaambia na watakaokuja baada yako. Umri huu kazi yangu kubwa ni kurudia. Unasema unaiogopa kamera. Wenzako mliosoma nao wanacheza mbele ya simu na makoti yao meupe, wanafuatwa na watu maelfu kwa maelfu, na wewe ukijiona tu kwenye kioo cha simu ulimi unakauka. Kisha unajifariji kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kibaya kimejitembeza, mwanangu, mpaka kitandani kwa mgonjwa wako. Anayeuza dawa ya “UTI sugu”, anayesafisha vizazi kwa majani, anayeahidi kuondoa kisukari kwa siku saba, wote hao hawana haya hata chembe, na hawalali. Mama akishtuka usiku wa manane mtoto anachemka, kilicho karibu naye ni simu, na humo ndani anawakuta wao. Wewe humo. Sikulaumu kwa haya zako, maana haya ni malezi. Nakulaumu kwa ukimya wako, na ukimya ni jambo jingine kabisa.

Nikutue mzigo kwanza: hakuna anayeihitaji sura yako. Mwaka 1973 nchi yetu, Tanzania, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio, wakasomeana vijitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho, minyoo na kuhara, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Aliyekuwa akisema redioni hawakumwona. Na kitabu cha Mahali Pasipo na Daktari, kilichokaa mezani kwenye zahanati zetu miaka na miaka, ni wangapi wanaoijua sura ya David Werner aliyekiandika? Wala hakuwa daktari, alisomea biolojia. Watu waliamini maelezo na michoro, kwa sababu walipofuata yaliyosemwa mtoto alipona.

Basi unaniuliza utasema nini. Swali hili hunichosha kidogo, samahani, kwa sababu unalijibu kila siku tangu unapofungua mlango wa kliniki. Sema lile ambalo umechoka kulieleza.

Chukua dawa mseto ya malaria, ile ALu. Mgonjwa anapewa bahasha imeandikwa 4x2, anaitikia “sawa”, anaondoka. Nyumbani anameza za kwanza asubuhi, za pili anazingoja mpaka usiku akiwa anakwenda kulala, kwa kuwa mara mbili kwa siku kwake ni asubuhi na usiku. Hajaambiwa kwamba siku ya kwanza dozi ya pili humezwa zikishapita saa nane tangu ile ya kwanza, na kwamba asubuhi na jioni inaanza siku ya pili na kuendelea hadi ya tatu. Hajui kuwa dawa hii huingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Anameza kwa maji matupu kwa sababu mdomo ni mchungu. Kesho yake homa ikishuka anaacha, na vidonge vilivyobaki anavihifadhi juu ya kabati vije vimsaidie mtoto wa dada yake, ambaye uzito wake ni mwingine kabisa. Hebu angalia mwenyewe: bahasha moja tu imekupa mazungumzo ya wiki nzima. Piga picha ya bahasha tupu, iweke mezani, na ueleze kwa sauti yako. Dakika moja na nusu inatosha. Ukiona umefika ya tatu, jua umeanza kuhutubia.

Sauti, mwanangu, ndiyo njia yako ya kwanza. Huku kwetu ujumbe wa sauti wa WhatsApp unafika mahali ambapo video haifiki: bando ni ghali, na mama anasikiliza huku anasonga ugali. Asiyejua kusoma naye anasikia. Rekodi usiku nyumba ikiwa imetulia, karibu na kabati la nguo ili chumba kisirudishe mwangwi. Sema kama unavyosema na mgonjwa aliyekaa mbele yako, si kama unasoma ripoti kwa mganga mkuu wa mkoa. Na tafadhali, sema “presha”. Ukianza na “shinikizo la juu la damu” bibi atadhani ni ugonjwa mwingine mpya.

Njia ya pili ni mikono. Kamera itazame meza, wewe usionekane kuanzia kiwiko kwenda juu. Mikono ichanganye pakiti ya ORS na watu waone maji yakipimwa kwa chupa, kama pakiti inavyoagiza, si kwa kukisia na kikombe. Kisha waambie mchanganyiko ukipita saa 24 umwagwe. Ichukue chupa ya plastiki ya nusu lita, itoboe kitako, iingize humo pampu ya pumu, na mzazi aone jinsi mtoto anavyoweza kuvuta dawa ikafika kifuani badala ya kuishia ulimini. Imfunge mtu kitambaa cha kupimia presha: amekaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini haikupishana, mkono uko usawa wa moyo, na haongei. Wangapi wanaambiwa wana presha kwa sababu walipimwa wakiwa wamepanda ngazi mbio huku wanagombana na mtu wa foleni? Hilo pekee ukilifundisha vizuri utakuwa umenilipa.

Maandishi kwenye picha ni mepesi, sitakaa hapo. Herufi kubwa, mistari michache, jambo moja. Dalili za hatari kwa mjamzito zinaenea kwenye picha moja: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, kifafa. Chini andika: nenda kituoni sasa.

Lakini kwenye degedege nitakaa, maana hapo ndipo vijana wengi mnaharibu. Mnapenda kuanza na uongo ili muuvunje: “Wengine wanasema degedege ni shetani…” Mtu husikiliza sekunde tano tu, akaondoka na shetani wake akiwa ametajwa na daktari. Anza na ukweli. Mtoto akikakamaa na kutupa mikono, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimpe kitu cha kumeza, mpeleke hospitali haraka, kwa kuwa inaweza kuwa malaria kali au ugonjwa wa uti wa mgongo. Ukishayasema hayo, ndipo uiguse imani ya watu, na uiguse kwa adabu. Usimcheke bibi aliyetaka kumpeleka mtoto kwa mganga. Bibi huyo ndiye mwenye uamuzi katika nyumba ile, na ukimdhihaki leo, kesho mtoto atakufikia akiwa amechelewa. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaong’oa “meno ya plastiki” ya watoto wachanga na wanaokata vimeo ili kikohozi kiishe. Wazazi wanaowapeleka huko wanawapenda watoto wao kama unavyompenda wako.

Jambo moja sikubali. Uso ufiche, lakini jina usilifiche. Kurasa zisizo na mwenyewe ndizo makazi ya matapeli, na siku hizi hata sura si ushahidi: picha za madaktari zinaibwa, zinatiwa maneno kwa akili mnemba, zinauza dawa ambazo wenyewe hawajawahi kuziona. Andika jina lako kama lilivyo kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika, ili anayetaka kukuhakiki aweze. Aliyeko Kenya ana baraza lake vilevile. Mwajiri wako naye mwarifu kabla hujaanza. Usingoje akusikie kwa watu.

Na wagonjwa wako, mwanangu, waache wapumzike. Mnadhani mkifuta jina mmemaliza. Mji wetu ni mdogo. Ukisema “mama mmoja wa mapacha kutoka kijiji cha ng’ambo ya mto, alikuja Jumanne na kidonda”, wote wameshamjua, na khanga iliyoonekana pembeni mwa picha imemaliza kazi. Picha ya eksirei ina jina kwenye kona. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Hata isingekuwepo, kiapo chako kipo. Tumia swali, mwache aliyeuliza. Maswali hurudiwa na watu mia, hayana mwenyewe.

Watu watakufuata faraghani na picha za vipele, majibu ya vipimo, na maombi ya dawa. Usitibu humo. Andaa jibu moja la heshima linalowaelekeza kituoni, au namba 199 ya Wizara ya Afya ambayo ni bure, ulitume kila mara bila kuona aibu. Watakaokasirika watakasirika. Na wauza dawa wakija na bahasha ili uisifie bidhaa yao “kwa sauti tu, huonekani”, jua kwamba ndiyo njia ya haraka ya kuyapoteza masikio ya watu, na hayarudi.

Usihesabu wafuasi. Kikundi cha WhatsApp cha akina mama wa kliniki yako ni hadhira ya kutosha kwa mwaka mzima.

Kesho anza na ile bahasha ya dawa mseto. Ukimaliza kurekodi, kabla hujawatumia wengine, nitumie mimi; nikikusikia unasema “shinikizo la juu” au unamcheka bibi, nitakurudisha ukarekodi upya.