Samaki Mmoja Akioza, Wote Wameoza?

Methali hiyo tumeimeza tangu shule ya msingi. Leo hebu tuicheue.

Ligeuze jani la mhogo. Utaona vidoa vinatembea, vidogo kuliko nukta hii. Hao ni utitiri: miguu minane, ndugu zao buibui na kupe. Mkulima akiona majani yamepauka na machipukizi yamedumaa, hukumu ni moja tu: piga dawa, wafe wote!

Kumbe humo mna koo mbalimbali. Ukoo wa Tetranychidae hufyonza jani. Ukoo wa Phytoseiidae hukimbia huku na huko ukiwawinda wafyonzaji hao. Ukimwaga dawa ovyo unaua walinzi, na wafyonzaji waliosalia wanazaana bila hofu.

Utitiri wa kijani wa mhogo alitoka Amerika ya Kusini, akaonekana Uganda mwaka 1971, kisha akaenea nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1993 wataalamu wa IITA walimwachia mashambani Benin mwindaji kutoka Brazili, Typhlodromalus aripo. Mchana hujificha kwenye ncha ya mmea, usiku hutoka kuwinda.

Sasa sikia maajabu. Wawindaji wengi wa ukoo huo wana miili ya rangi hafifu. Wakila utitiri wekundu, nao huonekana wekundu. Yaani mlinzi aliyemla adui hufanana na adui! Ndiyo maana mtaalamu haamini rangi. Huchukua hadubini, akahesabu vinyweleo vya mgongoni, ndipo akataja ukoo.

Mdudu anahesabiwa vinyweleo! Na mtu je, hapa mjini? Sauti moja tu, "Mwizi!", inatosha. Nani anauliza kaiba nini, kamwibia nani? Tairi, petroli, kiberiti. Pengine anayeungua ndiye aliyekuwa akimkimbiza mwizi.

Utaniambia: tukingoja hadubini, mhogo si utakwisha? Kweli, mharibifu hangoji. Lakini haraka yetu ndiyo inayomwondolea mharibifu adui yake.

Tena binadamu anadai uchunguzi zaidi. Ukishaujua ukoo wa utitiri, mara nyingi umeshajua anakula nini. Mtu, hata ukijua kabila lake, mtaa wake na mtindo wa nywele zake, bado hujajua alichotenda.

Basi samaki mmoja akioza, mtoe huyo. Waliobaki, wanuse mmoja mmoja.