Je, Kuku Aombolezwe?

Tumfikirie mtoto wa Jinja aliyepewa kifaranga na bibi yake mzaa mama kule Mbale. Alisafiri naye kwa basi kupitia Tirinyi, akamlea hata akawa mtetea, akampa jina. Ukaingia mdondo, ugonjwa usio na dawa ila chanjo ya mapema, na alfajiri moja kuku akakutwa amekufa. Mtoto akalia. Wakubwa wakacheka: "Kuku tu! Tutakununulia mwingine."

Hoja yao si nyepesi. Kuku ni kitoweo. Huyo huyo angaliweza kuchinjiwa mgeni. Tena, yuko wapi kati yetu asiyezika binadamu?

Hata hivyo, kuku hajapata kuwa nyama tu. Kwa mila ya kale ya Wasoga, mwanamke alimfuga na kumpika, asimle. Mila hiyo ilimnyima haki yake. Lakini yatuonyesha kwamba anayelea hamwoni kuku kwa jicho la mlaji. "Mwingine" atakuwa kuku, hatakuwa yule. Wala chozi la mtoto haliwapunguzii marehemu wetu kitu, kwani huruma si akiba ya kuisha kwa kutumiwa. Anayefunzwa kucheka msiba mdogo atajifunza wapi kuheshimu ulio mkubwa?

Basi, mwalimu, usimkemee. Mshikie jembe, mchimbe shimo refu mgombani. Kumzika kuku wa mdondo huwakinga wengine pia. Hapo huruma na busara zimekutana.