Ukarimu wa Idi na Mgonjwa wa Sukari

Nakuru, kama kwetu pwani, mwenye ugonjwa wa sukari akikataa halua siku ya Idi huambiwa amemdharau mwenye nyumba. Husemwa, "Ni siku moja tu." Naam, lakini nyumba ni kumi, na kila nyumba ina sinia yake!

Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kula mchana wa Ramadhani, na saumu ni nguzo. Sisi twamfaradhishia kaimati! Tende ya sunna ni chache. Halua haina sunna.

Ukarimu ni kumwekea samaki wa kuchoma, maharagwe, sukuma wiki ya huko bara na wali kidogo, kisha kunyamaza. Na aliyekwisha kudunga insulini asikalishwe na njaa kungojea wageni watokao Naivasha: sukari yaweza kushuka ghafula, akazimia.