Mashahidi Wawili

Je, ni halali fundi kukidanganya chombo ili kimtii? Msomaji asidhani kwamba swali hili ni la gereji peke yake.

Katika magari ya zamani, pedeli ya mafuta ilivuta waya wa chuma uliofungua njia ya hewa ya injini. Katika magari mengi ya sasa waya huo haupo. Pedeli ina vihisi viwili, na kila kimoja huipelekea kompyuta volti zake. Mara nyingi cha pili hutoa nusu ya cha kwanza: huyu akisema mbili, yule husema moja. Kompyuta huwalinganisha kama kadhi alinganishavyo mashahidi. Wakihitilafiana, huwasha taa na kupunguza nguvu ya injini. Gari hutambaa, lakini haliruki.

Sasa tuseme kihisi kimoja kimekufa, nasi tupo Mafia, ambako kipuri hungojewa kivuke bahari. Fundi hodari aweza kufanya jaribio: achukue umeme wa kihisi kizima, aupunguze kwa rizista, aupeleke kwenye waya wa kile kilichokufa. Taa huzimika, gari hukimbia hadi Utende, na mwenye gari hushukuru.

Mimi nasema jaribio hilo ni baya, hata kama ajali haitatokea kamwe. Shahidi anayenakili maneno ya mwenzake si shahidi wa pili. Tuliosahihisha mitihani twajua: msahihishaji wa pili akiziona alama za wa kwanza, karatasi imesahihishwa mara moja tu.

Mtu atauliza: na mgonjwa anayewahishwa hospitali Kilindoni? Swali hilo ni zito. Lakini gari linalotambaa bado linakwenda, na abiria wake anajua kuwa ni bovu. Abiria wa gari lililonyamazishwa hajui. Ametiwa hatarini bila kuulizwa.

Sikatai majaribio. Magari ya Toyota yalipodaiwa nchini Marekani kwenda kasi yenyewe, wahandisi wa NASA waliichunguza mifumo hiyo, na ripoti ya Februari 2011 ikasema hawakupata hitilafu ya umeme iliyosababisha kasi hiyo. Walijaribu ili wajue. Fundi wetu naye apime kwa mita, gari likiwa limesimama, kisha amwambie mwenyewe alichokiona.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa anayeficha ni fundi, na anayeweza kufa ni abiria.