Deni la Nafsi Changa

Kivukoni Lubunga, upande wa kushoto wa Mto Kongo, ambako mitumbwi ya mashine hupakia mihogo, makaa, baiskeli na binadamu kwa pamoja ili kuvuka kwenda Kisangani mjini, niliketi asubuhi moja karibu na mama mmoja aliyekuwa na mwanawe wa kiume, umri wake haujapita miaka sita, naye amelishika pindo la kikwembe cha mamaye kwa vidole vyote kumi. Mashine ilipowashwa na kutoa mshindo wake wa kwanza, mtoto yule hakulia wala hakukimbia; alikojoa pale pale aliposimama, kimya, macho yakitazama mahali ambapo sisi wengine hatukuona kitu. Mama akamfuta kwa mkono uliokwisha kuizoea kazi hiyo, kisha akaniambia bila ya kunigeukia: "Mutoto yangu haiseme tena, Baba. Iko naangalia tu." Nilipomwuliza safari yao ni ya wapi, akanijibu kwamba wanakwenda kwenye chumba cha maombi ng'ambo ya pili, na kwamba mtumishi wa Mungu amewaagiza waje mtoto akiwa hajala tangu juzi, pamoja na fedha ya "mbegu", ambayo alikuwa ameifunga kwenye fundo la kikwembe, na ambayo, kwa kukadiria kwangu, ilikuwa faida ya majuma mawili ya kuuza chikwangue, yaani mikate ya mhogo.

Simlaumu mama huyu, wala sitaki msomaji amlaumu. Maana chumba cha maombi kina sifa ambazo mwenye insafu hawezi kuzikana: kiko karibu na nyumba, kinafunguliwa usiku, na aliye mlangoni humwita mama kwa jina lake na kumwekea mtoto mkono kichwani, mambo ambayo hospitali zetu, pamoja na elimu yao yote, aghalabu huyasahau. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza suali ambalo si la tiba peke yake, bali ni la dini na la hekima pia: mtoto mdogo anapougua si mwili bali nafsi, ni kitu gani hasa kilichomshika, na deni la kumtuliza liko shingoni mwa nani?

Hofu ya watoto wa mji huu haikuanguka kutoka mbinguni. Mwezi wa Juni mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda, yaliyokuja kupigana katika mji usio wao, yalirushiana makombora kwa siku sita juu ya paa zetu, na mamia ya raia wakafa. Na wale waliokuwa na miaka sita wakati ule, waliolala chini ya vitanda huku wamezibwa masikio kwa viganja vya mama zao, leo ndio akina baba na akina mama wanaolea. Kisha mwaka 2023 ukazuka ugomvi wa ardhi baina ya Wambole na Walengola, hapo hapo Lubunga, nyumba zikachomwa, na jamaa zikakimbia na mafurushi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda, tarehe 9 Februari 2022, ilipe dola milioni 325 kwa madhara ya vita ambavyo mapigano yale ya mwaka 2000 yalikuwa sehemu yake, na katika hizo milioni 225 ni kwa ajili ya madhara yaliyowapata watu. Nami nafurahi kwamba hesabu ilifanywa. Hata hivyo, karani gani ataweza kuandika katika orodha yake kwamba mtu fulani hupandwa na ghadhabu kila ngurumo ya mvua inapopiga, na kwamba mwanawe, ambaye vita hakuviona, amejifunza kuiogopa mvua na kumwogopa baba kwa wakati mmoja?

Majirani, wasipolijua hilo, hutafuta sababu iliyo karibu zaidi, na mara nyingi huiona kwa mtoto mwenyewe: anakojoa kitandani, hasemi, anaota ndoto mbaya, amezikwa babaye naye hakulia, basi ni ndoki, yaani mchawi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika ibara yake ya 41, imekataza waziwazi mtoto kusingiziwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 ikaliweka jambo hilo chini ya adhabu. Lakini sheria hukaa katika makabati ya Kinshasa, ilhali neno ndoki hukaa katika ua wa nyumba. Kwa hiyo nataka hoja hii niipeleke mbele ya mahakama ambayo hata mtu wa uani anaikubali, yaani dini.

Wazee wetu wa Kiislamu, ambao Uislamu wao ulifika kwenye maporomoko ya mto wetu pamoja na misafara ya pwani katika karne ya kumi na tisa, walitufundisha kwamba watu watatu wameondolewa kalamu: aliyelala mpaka aamke, mwendawazimu mpaka akili imrudie, na mtoto mpaka abaleghe. Malaika haandiki dhambi ya mtoto, maadamu bado hajaingia katika takalifu. Basi ikiwa Mola mwenyewe ameizuia kalamu isimwandikie mtoto hata uwongo mdogo, ni kwa kalamu ya nani jirani humwandikia kifo cha babaye? Hapa sioni shubuha yoyote: amsingiziaye mtoto uchawi amedai kuona katika daftari ambalo Mungu ameliacha tupu.

Ndugu zetu Wakristo, ambao katika mji huu ndio wengi, wana habari yao ambayo wachungaji huitaja kila wanapotaka kumfungia mtoto katika maombi, nayo ni ile ya kijana aliyekuwa akianguka kifafa, mara motoni, mara majini, ambaye wanafunzi walishindwa naye na Yesu akamponya. Nimeisikia habari hiyo ikihubiriwa kwa vipaza sauti zaidi ya mara moja, na kila mara huruka pale ambapo mimi naona ndipo penye siri yake. Katika masimulizi ya Marko, kabla ya kuponya, Yesu humgeukia baba wa kijana na kumwuliza jambo hili limempata tangu lini. Yeye ambaye kwa imani yao alikuwa akiyajua yote, alimwuliza mzazi, akangoja jawabu. Na baba akapata nafasi ya kueleza mbele ya umati taabu ya miaka mingi. Na kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, wanafunzi walipotaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, waliambiwa kwamba si yeye wala si wao.

Naomba ruhusa ya kutoka njiani kidogo, kwa kuwa kifafa chenyewe ni jambo la nyumbani kwetu. Katika vijiji vya kando ya mito yenye maporomoko, ambako nzi wa usubi huuma na kuleta upofu wa mtoni, imedhihirika kwamba watoto wenye kifafa ni wengi kupita kiasi, nao, kama kijana yule wa Injili, wana makovu ya moto wa jikoni, na wengine huchukuliwa na maji. Kuna dawa ya usubi inayogawiwa vijijini, na kuna vidonge vya zamani vya kifafa, visivyo ghali, vinavyowatuliza wengi wakivinywa kila siku. Nataja hili ili mtu asije akadhani kwamba nasifu maneno matupu badala ya dawa: kuna ugonjwa unaotaka kidonge, na kumnyima mtoto kidonge kwa jina la Mungu ni dhuluma.

Nikirudi kwa Waislamu, imepokewa kwamba Mtume alikuwa akiingia katika sala akiwa na nia ya kuirefusha, kisha husikia mtoto analia safuni, naye huifupisha, kwa kuijua fadhaa iliyomo moyoni mwa mama. Tazama jinsi mtoto na mama walivyowekwa pamoja katika rehema moja! Sala ilifupishwa kwa sababu ya kilio cha mtoto. Sisi twairefusha juu ya kichwa chake, usiku wa tatu sasa, naye ana njaa. Na imepokewa pia habari ya mvulana mdogo, Abu Umayri, aliyekuwa na kidege chake kikafa. Mtume alipomwona ana huzuni, alimwuliza habari za kidege, kwa jina lake na kwa upole, kama mtu amwulizavyo mkubwa mwenziwe habari za msiba.

Basi ni nani adaiwaye? Wanazuoni wa fikihi wana lugha yao kwa jambo kama hili, nayo ni fardhi kifaya: wajibu ulio juu ya kaumu nzima, ambao wakiutekeleza baadhi, wote wamesalimika, na wote wakiuacha, wote wana dhambi. Mfano wake ulio mashuhuri ni kuzika. Na kwa kweli hakuna mji unaoitimiza fardhi hiyo kuliko Kisangani; akifa mtu Mangobo au Kabondo, hata maskini asiye na jamaa, viti hukodiwa, maturubai hufungwa, daftari la michango huzungushwa, na watu hukesha matangani bila ya kuulizana nani analipa. Kwa maiti tunachangishana, naye hana haja tena na kitu. Kwa mtoto aliyenyamaza mamaye huachwa peke yake na fundo la kikwembe. Mimi nasema, kwa kiyasi kilicho wazi, kwamba kumtuliza huyu ni fardhi ile ile.

Nitaambiwa kwamba wenye elimu ya nafsi ni wachache na ujira wao ni mkubwa. Jawabu la kwanza ni la kutuaibisha: tangu mwaka 1971, masomo ya saikolojia yalipowekwa katika chuo kikuu cha hapa hapa, mji huu umekuwa ukifundisha watu elimu hiyo kwa ajili ya nchi nzima, na miongoni mwa wahitimu ninaowajua mimi, mmoja huuza vocha za simu. Jawabu la pili ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji shahada. Kaskazini-mashariki ya nchi, katika vijiji viwili vilivyokuwa vikitishwa na waasi wa LRA, watoto na vijana 159 waliingizwa katika jaribio, karibu nusu yao wakipewa mafunzo ya vikao vinane, pamoja na jamaa zao, chini ya watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Sehemu moja ya mafunzo iliitwa Chuo Cha Maisha, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba dalili za fadhaa zilipungua. Bungoma nchini Kenya na Moshi nchini Tanzania, mayatima 640 walishughulikiwa katika jaribio kubwa zaidi, nusu yao wakikaa na washauri ambao si madaktari. Na ingawa baada ya mwaka mmoja faida ilibaki dhahiri upande wa Kenya tu, jambo ambalo mkweli hapaswi kulificha, haikuwa faida ndogo.

Sisemi haya ili kuipunguzia serikali mzigo. Mtu wa kawaida afundishwaye lazima afundishwe na mjuzi, na mjuzi lazima alipwe mshahara. Tena mwenye kufundishwa naye hula. Neno "nafuu" limekuwa likitumiwa kwa hila, kwa maana ya kwamba masikini wahudumiane wenyewe kwa wenyewe, bure, ilhali fedha za fidia zinapita juu ya vichwa vyao.

Siku ile kivukoni sikuwa nimeyapanga haya yote kichwani, wala sikuwa na haki ya kumzuia mama asiende kwenye maombi yake. Nilimpa mtoto kipande cha mkate, akakishika bila ya kukila, mpaka mamaye alipomwashiria kwa kichwa, ndipo akakila taratibu, akiwa bado amekishikilia kikwembe kwa mkono mmoja. Kisha nikamwuliza mama jambo hili limempata tangu lini. Akanitazama kwa mara ya kwanza, akasema kwamba hakuna mtu aliyemwuliza hivyo, akanyamaza, akaanza kuhesabu kwa vidole, si siku wala miezi, bali nyumba walizolala tangu watoke kwao. Mtumbwi ulijaa, nahodha akaita mara mbili, ukaondoka, nasi bado tulikuwa kwenye nyumba ya nne.