Bakuli Nzuri: ya Kutumia ao ya Kuchunga?

Nyumbani mwetu wengi tuko na sahani za wageni. Zinakaa kabatini miaka na miaka, na watoto wamekatazwa kuzigusa. Tujiulize basi: kitu kizuri kinaheshimiwa namna gani, kwa kukitumia ao kwa kukichunga? Wajapani waliwaza sana juu ya jambo hili.

Tuangalie bakuli ya mti ya Wajima. Inachongwa, kisha inapakwa urushi, ni kusema utomvu wa mti, safu juu ya safu. Mti ule unangojewa miaka kumi na zaidi mbele ya kuchanjwa. Unatoa gramu 200 hivi tu, na kisha unakatwa. Kwa hiyo kila bakuli ni deni: kuna uhai uliotolewa kusudi mtu anywe supu bila kuungua mikono.

Deni hilo linalipwa namna gani? Mwaka 1925 Kitaoji Rosanjin alifungua Tokyo restora ya watu wakubwa, na baadaye akafinyanga sahani zake yeye mwenyewe. Kwake chakula kizuri kilidai chombo kizuri. Mwaka uleule Yanagi Soetsu na rafiki zake walitunga neno mingei, ufundi wa watu wa kawaida. Yanagi alisifu chombo cha kila siku, kazi ya fundi asiyejulikana jina.

Nani ana haki? Kwa Rosanjin, maskini hakukaribishwa mezani. Lakini hata Yanagi, mwaka 1936, alifungua makumbusho Tokyo, na vyombo vya kazi vikawa vya kuangaliwa tu. Hatumlaumu: jicho nalo linahitaji kufundishwa. Ila bakuli moja ikifundisha macho, zingine zirudi mezani.

Sisi tunaona urushi yenyewe inajibu. Ikitumiwa na kupanguswa kila siku, inazidi kung'aa. Ikichakaa, inarudi kwa fundi kupakwa upya, na fundi anapata kazi. Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko la ardhi lilipiga Wajima. Nyumba nyingi za kazi ziliharibika. Vioo vya makumbusho vinaweza kuokoa bakuli, lakini mikono inayojua kuitengeneza haichungwi kabatini. Inaokolewa na watu wanaoendelea kula.

Basi, ndugu msomaji, heshima ya kufungia ni nusu ya heshima. Ile nusu ingine ni kukubali kwamba kitu kizuri kinaweza kuchakaa mikononi mwetu, na kujua pa kukitengenezesha.